Kutengeneza ndani ya gari la zamani la spoti na kupunguza kelele: mwongozo kwa wanaoleta magari Kenani

KENANI, Nchelenge - Gari la zamani la spoti linaloletwa upande huu wa Ziwa Mweru huwa limesafiri sana kabla mnunuzi hajaliona. Hushushwa bandarini Dar es Salaam, likapita Mbeya hadi Tunduma, likavuka Nakonde, likashika njia ya Kasama, Luwingu na Mansa, kisha likafuata bonde la Luapula kupitia Mwense na Mwansabombwe hadi Nchelenge. Mnunuzi hulipokea kwa macho: rangi inang'aa, zulia ni jipya, viti vimevalishwa. Siku ya kwanza njiani ndipo masikio yanapoanza kazi, na mara nyingi ndipo ugomvi na muuzaji unapoanza.

Makala hii inaeleza jinsi ya kurudisha hali ya ndani ya gari kama hilo na jinsi ya kupunguza kelele, kwa mpangilio ambao fundi wa kawaida anaweza kuufuata bila karakana kubwa. Mfano unaotumika ni Datsun 240Z. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maelezo inafaa pia kwa pikapu na kichwa cha lori.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: kelele nyingi ndani ya gari la zamani huingia kupitia matundu na raba zilizochoka. Njia hiyo hiyo hupitisha vumbi, maji ya mvua na moshi wa ekzosi. Anayetandika zulia zito juu ya tundu bila kuliziba hupata gari la kimya, lakini moshi bado unaingia, na sasa dereva hana cha kumshtua.

KWA NINI DATSUN 240Z

Nissan ilitangaza gari hili mwezi Oktoba 1969. Nchini Japani liliitwa Fairlady Z, na katika masoko ya nje likauzwa kwa jina la Datsun 240Z. Lina viti 2, injini ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, na mlango mkubwa wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Uzito wake umezidi tani 1 kidogo tu.

Afrika Mashariki inalijua vizuri. Mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, zilishindwa na 240Z mara mbili: mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann pamoja na Hans Schüller, na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Lofty Drews. Tangu mwaka 2003 pameanzishwa pia mbio za Safari Classic kwa ajili ya magari ya zamani, jambo lililorudisha hamu ya watu kwa magari ya miaka hiyo.

Sababu nyingine ya kulitumia kama mfano ni kwamba kasoro zake za ndani zinajulikana, nazo ni zile zile za magari mengi ya milango miwili ya miaka ya 1970: shiti za lami zilizobandikwa sakafuni kiwandani na ambazo sasa zimepasuka, kutu chini ya shiti hizo, dashibodi yenye nyufa, na raba ya mlango wa nyuma inayopitisha moshi.

KARATASI KABLA YA FUNDI

Mfanyabiashara asianze kununua shiti na zulia kabla ya kujua gari litapita wapi. Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, hivyo gari la miaka ya 1970 si la kupelekwa Mombasa kwa nia ya kusajiliwa huko. Tanzania hutoza ada ya uchakavu kwa magari ya umri mkubwa yanayobaki nchini. Gari linalopita tu kwenda Zambia, yaani gari la IT, huenda chini ya dhamana ya forodha na ni lazima litoke nchini kwa muda uliopangwa.

Kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019, na kwa utaratibu huo ukaguzi wa nchi mbili hufanyika mahali pamoja. Upande wa Zambia, Mamlaka ya Mapato (ZRA) hutoza ushuru wa gari pamoja na tozo ya hewa ya ukaa, na wakala wa usalama barabarani (RTSA) hukagua gari kabla ya kulisajili. Viwango hubadilika karibu kila bajeti. Wakala wa forodha aulizwe kabla fedha haijatumwa.

Mambo mawili yanahusu moja kwa moja kazi ya ndani:

- Namba ya chesisi isifunikwe wala kupakwa rangi. Kwenye 240Z imegongwa kwenye ukuta wa bati ulio kati ya injini na chumba cha dereva, na ipo pia kwenye kibati juu ya dashibodi, kinachoonekana kupitia kioo cha mbele. Fundi akibandika shiti au kubadili dashibodi bila uangalifu, gari zima na halali litaonekana kama la wizi.

- Usukani wa kulia unafaa Tanzania na Zambia, ambako magari hupita kushoto. Ng'ambo ya ziwa, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, magari hupita kulia. Mnunuzi aliye Kenani leo na anayetarajia kurudi Pweto kesho aambiwe hilo kabla hajalipa.

SOMA VUMBI KABLA YA KUOSHA

Kiangazi, vumbi la barabara za changarawe ni kipimo kisicho na gharama. Gari likifika lisioshwe ndani kwanza. Fungua milango yote na uangalie mistari ya vumbi: kwenye kizingiti cha mlango, kuzunguka mlango wa nyuma, kwenye shina la gia, nyuma ya pedeli, na chini ya zulia. Vumbi hujipanga pale pale hewa inapoingilia. Weka alama ya chaki kila mahali lilipo.

Baadaye fanya vipimo vitatu.

Kipimo cha taa: usiku, mtu mmoja aingie ndani na kufunga milango, mwenzake apitishe tochi yenye nguvu nje, chini ya sakafu na kwenye kingo za milango. Mwanga unaoonekana ndani ni tundu.

Kipimo cha noti: fungia noti kwenye mlango, nusu ndani nusu nje, kisha ivute. Ikikaza, raba inabana. Ikichomoka bila upinzani, raba imekufa au mlango umeshuka kwenye bawaba. Rudia kila baada ya kiganja kimoja, kuzunguka mlango wote.

Kipimo cha maji: mwaga maji taratibu kwa mpira juu ya raba moja kwa dakika kadhaa huku mtu akiangalia ndani. Anza chini, panda juu. Ukianza juu hutajua maji yameingilia wapi.

Ambaye ameleta gari wakati wa masika, kati ya Novemba na Aprili, hatapata vumbi la kusoma. Atumie maji. Mkoa wa Luapula hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na zulia lililolowa katika unyevu wa kando ya ziwa halikauki lenyewe.

MOSHI: HATARI ISIYOSIKIKA

Gari linapokwenda, hewa nyuma yake huwa na msukumo mdogo, na moshi wa ekzosi huzunguka hapo badala ya kuachwa barabarani. Kwa gari lenye mlango mkubwa wa nyuma kama 240Z, raba ikichoka moshi huo huvutwa ndani. Kufungua kioo cha pembeni, ambako wengi hudhani ni dawa, huweza kuzidisha tatizo, kwa sababu hewa ya ndani hunyonywa kupitia kioo na nafasi yake kujazwa na hewa kutoka nyuma.

Ndani ya moshi huo kuna gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi, dalili ambazo dereva wa safari ndefu ni rahisi kuzihesabu kuwa uchovu au malaria. Abiria wote wakiumwa kichwa kwa pamoja, gari lisimamishwe, watu watoke nje, na safari isiendelee hadi chanzo kijulikane.

Kwa hiyo, kabla ya kazi yoyote ya kupunguza kelele:

- Kagua ekzosi yote, kuanzia kwenye injini hadi mwisho wa bomba: nyufa, gasketi iliyoungua, viungo vilivyolegea.
- Hakikisha mwisho wa bomba unatokeza nje ya bampa ya nyuma.
- Badilisha raba ya mlango wa nyuma, pamoja na raba za taa za nyuma na za nyaya zinazopita kwenye bati.
- Kagua mipira ya hewa ya tangi la petroli, ambayo kwenye 240Z hupita nyuma ya vifuniko vya kona ya nyuma ya chumba. Harufu ya petroli ndani ya gari mara nyingi hutoka hapo.
- Weka kifaa kidogo cha betri cha kutambua kaboni monoksaidi kwa safari za majaribio. Ni chepesi, na hutumika kwa gari moja baada ya jingine.

KUVUA NDANI

Tenganisha betri. Piga picha kila sehemu kabla ya kuifungua na nyingine baada ya kuifungua. Skrubu za kila sehemu ziwekwe katika mfuko wake na kuandikwa jina. Zulia la zamani lisitupwe hata kama limeoza: ndilo kipimo cha kukatia jipya. Vivyo hivyo kwa vitambaa vya viti na vifuniko vya milango.

Shiti za lami sakafuni zitolewe pale zilipopasuka au kuachia bati. Katika miji mikubwa ya nje mafundi hutumia barafu kavu, ambayo ina baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri na huifanya lami ipasuke kama kioo. Ni ya kutumiwa milango ikiwa wazi, kwa sababu hugeuka gesi inayofukuza hewa ya kupumua. Pasipo na barafu kavu, lami hulainishwa kwa mashine ya hewa moto na kukwanguliwa kwa patasi pana. Moto wa wazi usitumike: ndani kuna sponji, nyaya na mabaki ya gundi, na tangi la petroli haliko mbali.

Magari ya kabla ya miaka ya 1980 huweza kuwa na asbesto katika ngao za joto, gasketi na vifaa vya breki. Kitu chenye nyuzinyuzi za kijivu karibu na ekzosi kisisuguliwe kikiwa kikavu wala kupulizwa kwa kompresa. Kilowanishwe, kitolewe kizima, kifungwe kwenye mfuko.

KUTU NA SAKAFU

Sakafu ikiwa wazi, gonga kila sehemu kwa mpini wa bisibisi na ubonyeze kwa ncha. Bati zima hulia. Bati bovu hutoa sauti ya karatasi. Kwenye 240Z angalia zaidi sakafu chini ya miguu, mihimili inayopita chini ya sakafu, sehemu iliyo chini ya betri, na kizingiti cha mlango wa nyuma.

Bati lililooza hukatwa na kuchomelewa jipya. Puti na nyuzi za kioo hazifai sakafuni, hasa penye bolti za viti na mikanda ya usalama. Kiti kilichofungwa kwenye puti kitang'oka siku gari litakapogonga. Wakati wa kuchomelea, tangi na mipira ya petroli iondolewe, na ndoo ya mchanga au mtungi wa kuzimia moto uwe karibu.

Baada ya kuchomelea: safisha kwa brashi ya chuma, paka praima ya kuzuia kutu, jaza mishono ya bati kwa sila, kisha rangi. Vitundu vya kutolea maji vilivyowekwa na kiwanda chini ya milango viachwe wazi. Kuviziba ni kuujaza mlango maji.

Hesabu inayoonyesha umuhimu wa matundu ni rahisi. Tundu la asilimia 1 ya eneo la ukuta huufanya ukuta huo usiweze kuzuia zaidi ya desibeli 20 hivi, hata kama sehemu iliyobaki ni nene kiasi gani. Asilimia 1 ya mita 1 ya mraba ni tundu la sentimita 10 kwa 10, ukubwa wa kiganja. Shiti za bei kubwa juu ya sakafu yenye tundu la kiganja ni fedha iliyomwagwa.

VIFAA NA KAZI YA KILA KIMOJA

Wauzaji wengi huita kila kitu "shiti ya kuzuia sauti". Kwa kweli kuna kazi nne tofauti, na kifaa cha kazi moja hakifanyi nyingine.

1. Kuzuia bati kutikisika. Kifaa chake ni shiti ya butili yenye karatasi ya alumini juu. Hubandikwa moja kwa moja kwenye bati safi na kukandamizwa kwa roli hadi mapovu yaishe. Si lazima kufunika bati lote: kufunika kati ya robo na theluthi ya kila bati, katikati yake, hutosha kwa kazi hii.

2. Kuziba njia ya hewa. Kifaa chake ni raba za milango, raba za duara za nyaya, raba mbili za shina la gia, na sila. Hii ndiyo kazi yenye faida kubwa kwa gharama ndogo, na ndiyo huachwa mara nyingi.

3. Kuzuia sauti kupita. Kifaa chake ni vinili nzito, yenye kilo 5 hivi kwa mita ya mraba, iliyolazwa juu ya sponji nyembamba isiyonyonya maji. Sponji huitenga vinili na bati ili isitikisike nalo. Huwekwa sakafuni, juu ya mgongo wa giaboksi na kwenye ukuta wa injini.

4. Kunyonya mwangwi. Kifaa chake ni felti na zulia lenyewe, pamoja na kitambaa cha dari.

Vya kuepuka ni hivi. Mkanda wa lami wa kuzibia paa za nyumba ni rahisi kupatikana, lakini gari lililofungwa juani huweza kufika nyuzi 70 kwenye dashibodi na paa; lami hulainika, hunuka, na huanguka ikibandikwa darini. Sponji ya godoro hunyonya maji kama dodoki na hushika moto upesi, ikitoa moshi wenye sumu. Kiwango cha Marekani namba 302, kilichoanza kutumika mwaka 1972, hutaka kitu cha ndani ya gari kisiungue kwa kasi ya zaidi ya milimita 102 kwa dakika. Mfanyabiashara asiye na maabara anaweza kukata kipande kidogo cha sponji au zulia na kukijaribu nje, mbali na gari: kinachowaka kama karatasi kisinunuliwe. Magunia na katoni chini ya zulia hugeuka makazi ya kutu msimu mmoja tu wa mvua.

HESABU YA UZITO

Gari la spoti huuzwa kwa wepesi wake, kwa hiyo uzito uhesabiwe. Tuseme eneo la kufanyia kazi ni mita za mraba 6, na shiti ya butili ni kilo 3 kwa mita.

Mpango wa kwanza: butili kwenye theluthi ya eneo, yaani mita 2, ni kilo 6. Vinili nzito kwenye mita 3 za sakafu na ukuta wa injini ni kilo 15. Jumla kilo 21.

Mpango wa pili: tabaka mbili za butili kila mahali ni kilo 36, na vinili kila mahali ni kilo 30. Jumla kilo 66, sawa na kubeba abiria wa kudumu.

Mpango wa pili hauleti utulivu mara tatu. Unaleta mafuta zaidi, breki zinazochoka, na mzigo mzito zaidi wa kusafirisha kutoka Dar es Salaam. Anayeagiza vifaa kwa ajili ya magari kadhaa ataona tofauti hiyo kwenye nauli.

VITI, DASHIBODI NA DARI

Sponji ya kiti ya miaka 50 husagika kuwa unga. Kubadilisha kava pekee ni kuvalisha mgonjwa shuka safi. Fundi wa viti afungue hadi kwenye fremu, akague mikanda ya mpira chini ya mto, achomelee palipokatika, abadilishe sponji, kisha ndipo ashone. Kwenye 240Z vifuniko vya mgongo wa giaboksi vina ngozi bandia yenye mishono ya almasi; mnunuzi anayelijua gari hili huangalia hapo kwanza, na ngozi bapa humwambia kuwa si ya asili.

Dashibodi ya 240Z ni kipande kimoja cha ngozi bandia juu ya sponji, na nyufa zake husababishwa na jua. Zipo njia tatu: kujaza nyufa na kupaka rangi, kuvalisha kifuniko cha plastiki, au kuitoa yote na kuifunika upya. Njia ya kwanza ni ya bei nafuu lakini nyufa hurudi. Muuzaji aseme ni ipi iliyotumika.

Mikanda ya usalama isioshwe kwa dawa kali wala kupakwa rangi. Uzi uliofifia au kulika hubadilishwa, haufichwi.

FAIDA KWA DEREVA WA MASAFA

Kelele hupimwa kwa desibeli, na kipimo hiki hakipandi kama kilo au kilomita. Ongezeko la desibeli 3 ni nguvu ya sauti mara mbili. Kwa usalama wa masikio, kiwango kinachokubalika na wataalamu wengi wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu: desibeli 88 kwa saa 4, desibeli 91 kwa saa 2, desibeli 94 kwa saa 1.

Maana yake ni kwamba kupunguza kelele kutoka 91 hadi 85 humpa dereva saa 8 badala ya 2. Dereva wa lori kati ya Tunduma na Nchelenge hukaa kwenye kelele muda mrefu kuliko mwenye gari la spoti, hivyo raba mpya za milango na raba za shina la gia kwenye lori si anasa. Masikio yaliyoharibika hayatengenezwi.

USHURU WA VIFAA

Vifaa vilivyotajwa havimo katika fungu moja la ushuru. Felti huangukia 5602, mazulia ya nyuzi zilizosokotwa kwenye kitambaa 5703, bidhaa za lami 6807, shiti za plastiki zenye sponji 3921, na shiti au kamba za raba 4008. Sehemu zilizotengenezwa mahususi kwa gari fulani huweza kuwekwa 8708. Shiti ya butili yenye alumini ina mchanganyiko wa vitu, na ni vizuri wakala wa forodha aamue fungu lake kabla mzigo haujafika mpakani.

Wafanyabiashara wadogo wakumbuke pia kwamba unafuu wa jumuiya za biashara hutegemea asili ya bidhaa. Shiti iliyotengenezwa China haiwi ya Tanzania kwa sababu tu imenunuliwa Kariakoo. Aidha Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, hivyo bidhaa zake huingia Zambia kwa kanuni za SADC, wakati Zambia na Kongo zote zimo COMESA. Risiti na cheti cha asili viwekwe pamoja na mzigo.

MAKABIDHIANO

Ugomvi mwingi huzuiwa kwa karatasi moja inayotiwa saini na pande zote gari linapotoka na linapofika. Iwe na haya:

- Namba ya chesisi na ya injini, zikisomwa kwenye gari lenyewe na si kwenye nakala.
- Picha za sakafu ikiwa wazi, kabla ya shiti na zulia. Muuzaji asiye na picha hizo akubali zulia lifunuliwe mbele ya mnunuzi.
- Orodha ya vitu vinavyoondoka kwa urahisi: redio, saa za dashibodi, nobu ya gia, jeki, tairi la akiba.
- Kilometa zilizosomeka wakati wa kutoka na wakati wa kufika.
- Katazo la kubeba abiria na mizigo ndani ya gari la IT. Maji ya samaki yakishaingia kwenye felti hayatoki kwa sabuni.
- Matokeo ya kipimo cha noti kwenye kila mlango.
- Matokeo ya kifaa cha kaboni monoksaidi baada ya nusu saa ya mwendo, vioo vikiwa vimefungwa, kisha vikiwa wazi.

KENANI NA SOKO LAKE

Kenani ilijulikana nje ya Luapula kuanzia mwaka 2017, ilipofanywa kituo cha muda cha kupokea Wakongo waliokimbia mapigano katika mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika. Mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa katika wilaya hiyo hiyo. Ndiyo sababu Kiswahili husikika hapa kando ya Kibemba, na makubaliano ya biashara huweza kufanywa kwa lugha ambayo dereva kutoka Mbeya na mnunuzi kutoka Moba wote wanaielewa, ingawa mmoja ataliita gari na mwingine motokari.

Lakini Kenani iko mbali. Mnunuzi wa hapa akigundua sakafu mbovu chini ya zulia jipya, aliyemuuzia huenda yuko Dar es Salaam, na raba ya mlango wa nyuma ya gari la mwaka 1972 haipatikani dukani Kashikishi. Anachoweza kukitegemea ni uaminifu wa waliolishika gari kabla yake, na karatasi waliyotia saini.

Mpangilio wa kazi, kwa kifupi, ni huu: soma vumbi, tengeneza ekzosi, ziba matundu, badilisha raba, pima moshi. Baada ya hapo ndipo zije butili, vinili na zulia. Gari likipita vipimo vya mwanzo, nusu ya kelele itakuwa imeshaondoka kabla shiti ya kwanza haijakatwa. Lisipopita, lisiuzwe likiwa kimya.